Paka Aliyewekwa Chini

Chumba nilichopanga Voi, ng'ambo ya reli, nilikipata na paka ndani yake. Mwenye nyumba alinionyesha bomba, choo cha pamoja, na mlango unaotaka kunyanyuliwa kidogo ndipo ufungike. Alipofika dirishani akasema, "Na huyo," kama mtu anayeonyesha ufa ukutani. Alikuwa dume la kijivu, sikio moja limeliwa. Mpangaji aliyenitangulia alifia humo. Ndugu zake walikuja wakachukua kitanda, jiko, hata pazia. Paka walishindwa kumshika.

Mimi si mtu wa kufuga. Niliacha shule mapema, na tangu hapo sijakaa mahali muda wa kutosha kuona mche niliokuta ukitoa kivuli. Nimekata mkonge. Nimechimba vito huko nyikani, nikatoka na vumbi masikioni na hakuna kingine. Nimefungulia maji mashamba ya vitunguu Mboghoni, nimepalilia mahindi ya watu Chala. Mali yangu yote inaingia kwenye begi moja, na begi hilo huwa silitoi nguo zote. Wakati huo nilikuwa napakua mboga sokoni Voi. Kilichonifanya nivumiliane na yule paka si huruma. Nilitaka kujua anatazama nini.

Kila jioni, jua likianza kuondoka kwenye mabati, alikaa katikati ya sakafu na kuinua macho hadi pembe ya juu, pale ukuta unapokutana na dari. Paka akitazama mjusi hutetemesha mkia. Huyu alitulia kabisa. Kisha kichwa kilianza kugeuka, polepole, kikifuata kitu kilichoshuka ukutani, kikapita juu ya godoro langu, kikaelekea mlangoni. Hapo mlangoni macho yaliishia. Alisimama, akajinyoosha, akaenda kunywa maji.

Mtu mwingine angehama. Mimi niligeuza ndoo, nikakaa nyuma yake, nikainamisha kichwa kiwe sawa na chake. Sikuona kitu. Lakini baada ya muda niligundua kwamba jioni ikifika huwa navuta miguu yangu kando, nisizibe njia ya mlango.

Hakushikika. Ukimnyooshea mkono alikuuma bila kelele, bila hata kurudisha masikio nyuma, kama fundi anayekaza skrubu. Na alikuwa mwizi. Jirani yangu, mama mfuga kuku, alinisimamisha bombani mbele ya watu.

"Jirani, paka wako amekula vifaranga vyangu tena."

"Si wangu, mama. Nilimkuta."

"Hata mume wangu nilimkuta. Akiharibu vitu vya watu, nani huitwa?"

Waliokuwa na ndoo wakacheka. Yeye hakucheka. "Nimenunua dawa ya panya. Nitaichanganya na dagaa. Kwa vile tunasalimiana nimeona nikwambie kwanza. Jumapili nikitoka kanisani nisimkute hapa."

Vifaranga vilikuwa vyake na hasira ilikuwa haki yake. Lakini kiumbe kile kilikuwa kimebaki katika nyumba ambayo kila kitu kingine kilibebwa, na sasa kilikuwa kinangojewa na dagaa za sumu. Nikajikuta, mimi nisiye na kwangu, nazunguka mji kumtafutia mwingine kwake.

Mwenye duka la nafaka alikubali. Nilimtega paka kwa kichwa cha samaki, nikamfungia kwenye katoni niliyoitoboa matundu ya hewa, nikampeleka. Asubuhi nilipoamka alikuwa katikati ya sakafu yangu, ananitazama. Dirisha lina wavu. Mlango nilikuwa nimeunyanyua na kuufunga mwenyewe.

Sokoni nilimsimulia mama mmoja wa Chawia, huko mlimani, mjane, ambaye kabeji na ndizi zake nilizipakua kila siku ya soko. Alikuwa wa kwaya, mwenye mdomo mwepesi.

"Ulimbeba kwenye katoni yenye matundu?" akauliza. "Mwanangu, ulimpa ramani."

"Sasa ningembebaje?"

"Gunia. Zito, asione njia. Niletee mimi. Kwangu panya siku hizi wanakula mahindi wamekaa, wamekunja nne. Ila sikiza. Kwetu paka hapokewi mkono kwa mkono. Ukinipa mkononi atabaki wako, mimi nitakuwa namlisha tu. Unamweka chini uani, unarudi nyuma, unanyamaza. Nakuja namwokota. Nikishamwokota ni wangu."

"Na kabla hujamwokota?"

"Hapo katikati hana mwenyewe."

"Akiokotwa na mwingine?"

Akanitazama kama wanavyonitazama watu ninapouliza sana. "Mwingine nani? Uani kwangu tuko mimi na shemeji yangu tu. Na shemeji ana goti, hainami."

Tukakubaliana Jumamosi, pikapu ya mboga ikirudi mlimani tupu.

Siku hiyo, alasiri imekwenda, dereva alipiga honi nje na mimi nilikuwa sijamshika paka. Mkono wangu ulikuwa tayari umetobolewa mara mbili. Jua likaanza kuondoka kwenye mabati, naye akaniacha, akaenda kukaa mahali pake, akainua macho. Ndipo nikapata wazo. Nilichukua gunia nikaliweka mlangoni, mdomo wazi, pale macho yake yanapoishia kila siku.

Kichwa kikageuka. Ukutani, godoroni, sakafuni. Safari hii hakuishia kutazama. Aliinuka, akafuata, akaingia guniani mwenyewe. Nikafunga kamba. Nilipolinyanyua nilishangaa. Paka yule nilikuwa sijawahi kumbeba bila katoni, lakini siamini alikuwa na uzito ule.

Mama alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma kwenye makreti matupu, gunia katikati ya miguu. Baada ya Mwatate barabara ikaanza kupanda, joto la Voi likabaki chini kama blanketi lililotupwa, ukungu ukatuingia shingoni. Gunia halikutikisika. Nilianza kuogopa kwamba nimemuua. Nikaweka sikio. Tulipofika kwenye kona ambapo msitu unaanza, akaanza kunguruma kwa raha. Tangu nimjue hakuwahi kunguruma. Aliendelea hivyo hadi uani.

Nilifanya kama nilivyoambiwa. Nililiweka gunia chini, nikarudi nyuma, nikanyamaza. Shemeji mtu alikuwa kwenye kigoda kando ya jiko, amenyoosha mguu mbovu, naye akanyamaza. Mama akasema, "Ngoja nitue mzigo," akaingia ndani na kikapu chake. Hakukaa humo. Ni muda wa kutua kikapu tu.

Gunia likaanza kunywea, taratibu, kama kifua cha mtu anayetoa pumzi. Mshono wa chini ulikuwa umeachia. Paka akatoka. Hakukimbia. Alitembea, kichwa juu, mwendo wa anayefuatana na mtu aliyemtangulia hatua chache. Akavuka uani, akapita kati ya migomba, akapanda kuelekea kwenye mwamba nyuma ya nyumba. Nilitaka kupiga kelele lakini nilikuwa nimeambiwa ninyamaze.

Mama alipotoka aliokota gunia tupu. Akalitazama tundu, akatazama migomba ambayo bado ilikuwa inatikisika.

"Ameokotwa," akasema.

"Amepanda kwa wazee," shemeji akasema.

Nikauliza wazee gani, wakanieleza. Zamani huku mtu akishazikwa na miaka ikapita, kichwa chake kilifukuliwa na kupelekwa chini ya mwamba wa ukoo, kikapangwa pamoja na waliotangulia. Kanisa lilipoingia desturi ikakoma, lakini hakuna aliyewaondoa waliokwisha kupangwa. Pango la ukoo wa shemeji lilikuwa juu ya nyumba ile. Mama, aliyeolewa tu pale, hakuwa amewahi kulifikia kwa miaka yote ya ndoa yake.

Asubuhi nikasema nitakwenda kumtoa.

"Usiende," mama akasema. Alikuwa amevaa sare ya kwaya, biblia mkononi.

"Mwache aende," shemeji akasema. "Mimi wananijua. Nikitokea wataanza kuniuliza habari za mashamba niliyouza. Halafu goti hili. Yeye hana ukoo huku, hawamjui."

"Ndiyo maana nasema asiende."

Nilikwenda. Nikiona mlango uliofungwa mimi huwa siwezi kulala, na pango hilo halikuwa hata na mlango. Njia ilikuwa fupi, imemezwa na magugu, na umande ulinilowesha hadi magotini. Juu pale mwamba umejitokeza kama paji la uso, na chini yake pamekauka, hata ukungu hauingii. Vichwa vilikuwa vimepangwa vikitazama nje, vya kale vikiwa vimepauka na vingine vimeota kuvu ya kijani utosini. Mwisho wa mstari palikuwa na nafasi. Yule paka alikuwa amekaa hapo, mkia umezungushiwa miguu, akitazama walikotazama wao.

Nilikuwa na dagaa mfukoni. Nikachuchumaa, nikamwita kwa sauti ya chini. Hakunitazama. Macho yake yalikwenda mwanzo wa mstari, kule mbali, kisha kichwa kikaanza kugeuka, polepole, kama jioni za Voi. Kikafuata kitu kilichopita mbele ya wale waliopangwa, mmoja baada ya mwingine, kikatoka penye mwamba, kikaingia kwenye umande. Nikangoja kiende zake. Kule chumbani kilikuwa kinapita tu, na mimi navuta miguu.

Hapa kilisimama nilipokuwa mimi.

Nilimwaga dagaa chini na kurudi kinyumenyume hadi nilipogusa mgomba kwa mgongo.

Chumba changu cha Voi kikawa chumba tu. Jioni jua liliondoka kwenye mabati na hapakuwa na la kutazama. Jirani aliniuliza bombani, "Yule bwana amepata kwao?" nikainama kujaza ndoo yangu. Kwa kawaida ningekuwa nimeshabeba begi langu. Lakini nilibaki, kwa sababu sikujua kama nimempatia paka makao au nimempoteza, na kila pikapu ya Chawia ilipofika nilikuwa wa kwanza kuuliza.

"Anakula?"

"Bakuli linarudi tupu," mama alisema. "Na usinitazame hivyo. Naweka chini ya mwamba, hapo njia inapoanza, sipandi. Namlisha paka."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Wenzangu wa kwaya wameanza kunisema, eti nimerudia mambo ya mababu, napeleka maziwa pangoni. Nawaambia ni ya paka. Wananiuliza, paka yuko wapi?" Akacheka, lakini akaangalia pembeni kwanza. "Panya lakini, mwanangu. Hata mmoja. Si kwangu, si kwa jirani, mteremko wote."

Mvua zilipita nikapanda mwenyewe kuona. Jioni mama alinichukua tukaenda hadi njia inapoanza. Nilitarajia bakuli moja. Palikuwa na mabakuli mengi, ya bati, ya plastiki, sufuria moja iliyotoboka ikazibwa, kikombe kilichoandikwa jina la kanisa.

"Kwaya," mama akasema. "Kila mtu anakuja peke yake, akidhani hajaonwa. Wanasema ni ya paka."

Akaweka bakuli lake chini, akarudi nyuma, akanyamaza. Ni vile vile alivyonifundisha mimi. Ukungu ulikuwa unashuka. Kutoka juu, ndani ya jiwe, nikasikia kunguruma kwa raha. Nilimtambua. Na kwa mara ya kwanza nilipumua nikijua kwamba hakupotea, kwamba yuko anakotaka, na kwamba hakuna atakayemwekea sumu tena. Nilikuwa nimetembea toka barabara kuu, miguu imelegea, na furaha ile ikanimalizia nguvu. Nikakaa chini pale kwenye majani, begi langu kando yangu.

Kunguruma kukakoma.

"Inuka," mama akasema.

"Nimechoka kidogo tu, mama."

"Inuka hapo chini!" Hakupaza sauti, lakini nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hivyo. Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye majani yaliyokuwa yakilala, moja moja, kuja upande wetu. Akalinyakua begi akalivaa begani. Kisha akanishika mkono, kiganja kwa kiganja, akanivuta nikasimama.

Alinishika hivyo hivyo kama mtoto, kupita migomba, kuvuka uani, kumpita shemeji aliyetazama mikono yetu bila kufanya mzaha. Aliniachia tulipokuwa ndani na mlango umefungwa.

"Huyu," akamwambia shemeji kupitia dirishani, kwa sauti iliyotaka kusikika mpaka juu, "ni wa hapa. Nimemwokota mimi."