Jina Alilowanyima Polisi

Mama mkwe wangu, Gajarabai Shelar, alikaa jela miezi sita kwa sababu ya jina la mume wake, na ukimuuliza kama anajuta atakutuma kwanza ukamletee tambuu ndipo akujibu vizuri. Habari hii nimeisikia mpaka nimechoka kuhesabu. Tatizo ni kwamba kila mwaka askari waliokuja kumkamata wanaongezeka. Nilipoolewa hapa walikuwa sita. Siku hizi wamefika ishirini, na farasi juu. Mimi nitawaacha sita, maana ndio aliowaona pia bibi Tanu, jirani yetu mzee, na bibi Tanu hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Huku kwetu Satara, magharibi ya India, mke hamtaji mumewe kwa jina. Anamwita "unasikia?", au "baba fulani", au "yeye", na kila mtu anajua yeye ni nani. Wala hamtaji baba mkwe, wala kaka mkubwa wa mumewe. Ruhusa hutolewa mahali pamoja tu: kwenye sherehe ya manjano, wanawake wanapokusanyika kupakana manjano na unga mwekundu usoni. Hapo kila mke husema ubeti mfupi na kulichomeka jina la mumewe mwishoni. Na jina hilo halidanganywi. Ukitaja la uongo unampunguzia mumeo siku za kuishi. Cheka ukitaka, mimi nimesoma mpaka darasa la kumi na sijawahi kujaribu.

Basi hata mimi humu simtaji baba mkwe. Atakuwa "yeye" mpaka afike mwenye haki ya kumtaja.

Ilikuwa Januari mwaka 1943, miwa inakatwa. Gajarabai alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mdomo mkali. Yeye alikuwa anachapa gazeti la wapigania uhuru ndani ya ghala letu la nyasi, kwa mashine ndogo ya kurudufu iliyomwachia wino mpaka masikioni. Gajarabai ndiye aliyekuwa akizungusha mpini. Alikuwa hajui kusoma, lakini alijua kurasa zimetoka sawa kwa kuzinusa, na hilo analisema kwa majivuno kuliko mambo yote.

Siku hiyo asubuhi habari zikaja kwamba polisi wako njiani. Mashine ikafichwa chini ya gari la miwa, yeye akapanda juu kama mkata miwa aliyechoka, na maksai wakaelekezwa mtoni. Kwenye kivuko cha mto Krishna palikuwa na kizuizi. Askari wa pale waliangalia vyeti vya mgawo wa chakula na kusoma jina la kila mwanamume. Cheti chake kilikuwa halali na jina lake lilikuwa halijulikani kwa kosa lolote, kwa hiyo angepita. Walikubaliana kwamba akifika ng'ambo angepiga kengele ya hekalu mara tatu, mlio unaofika kijijini kwetu bila shida.

Gari halijamaliza hata kona, Inspekta Mohite akaingia uani na askari wake sita. Huyu hakuwa Mwingereza. Alikuwa mtu wa huku huku, Mmaratha mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta, anayekula mkate wa mtama kama sisi na mshahara wa mfalme wa mbali. Hao ndio walioniudhi siku zote kuliko Waingereza wenyewe. Kwenye ghala alikuta karatasi na wino, mtu hakuna.

"Mama, haya ni ya mumeo?"

"Ya nyumba hii, afande. Mimi ndiye niliyemo."

"Mumeo anaitwa nani?"

Gajarabai akavuta ushungi mpaka kwenye pua. "Aibu gani hiyo, afande! Wewe mamako alimtaja babako mbele yako?"

Askari mmoja akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mohite alikuwa na baiskeli imeegemezwa ukutani na askari amekwisha kunja suruali, tayari kukimbiza jina kivukoni. Alichokosa ni jina tu. Mtoa habari alimwonyesha nyumba. Jina alilolijua ni la kificho. Kitabu cha ardhi kiliandikwa babu aliyekufa zamani. Mkuu wa kijiji alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake, shangazi yule yule aliyemzika mwezi wa Novemba. Wanaume wote walikuwa ndani ya miwa, na ukiingia kuwatafuta humo utatoka peke yako na mikwaruzo.

Akawageukia wanawake, waliokwisha jaa uani kuja kuangalia.

"Wewe! Mwenye nyumba hii jina lake nani?"

"Huyo ni kaka mkubwa wa mume wangu, afande. Hatajwi."

"Na wewe?"

"Mimi ni mke wa mdogo wake mwingine. Huyo kwangu ni kama baba."

"Bibi kizee, wewe je? Wewe ni mkubwa kwake!"

Bibi Tanu, aliyekuwa na jino moja na akili za watu watatu, akamtazama kwa huruma. "Mimi, mwanangu, naweza kumtaja. Shida ni kwamba analo jina moja na marehemu mume wangu."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Marehemu aliitwa Rama.

Mohite akavua kofia, akajifuta jasho. "Hivi kijiji hiki kizima hakuna mwanamke anayejua kusema jina la mtu?"

"Majina yapo, afande," akasema Gajarabai. "Yana mahali pake. Tufanyie sherehe ya manjano, nitasema. Tena mwezi wenyewe ndio huu."

Ananiambia mpaka leo kwamba maneno yalimtoka yenyewe. Hakuwa na mpango. Alichotaka ni kengele, kengele na kengele. Mohite akafikiri kidogo. Nadhani utotoni alikwisha kumwona mamake akisema ubeti wake, na alijua kama tunavyojua sote kwamba jina la sherehe halidanganywi. Hilo lilikuwa bora kuliko jina linalopatikana kwa kumpiga mtu. Akaketi kwenye kitanda cha kamba, kalamu mkononi. "Haraka basi."

Haraka! Mwambie hivyo mwanamke anayetafuta manjano. Kwanza uani pakapakwa samadi ya ng'ombe upya, maana ndio usafi wetu wa sherehe. Kisha bibi Tanu akasema mikeka haitoshi. Kisha unga mwekundu ukapatikana una mchwa, ukatafutwa mwingine nyumba ya tatu. Zikaletwa kashata za ufuta na sukari guru, na Gajarabai mwenyewe akampelekea Mohite kwa mikono miwili. Kwa desturi yetu ya mwezi huo, ukiipokea kashata hiyo unaombwa useme maneno matamu tu. Mohite alikuwa na njaa toka alfajiri. Akaipokea. Wanawake wakatazamana, maana sasa hata kufoka hawezi mpaka jua litue.

Beti zikaanza, kwa umri, wakubwa kwanza. Bibi Tanu akamtaja marehemu wake kwa ubeti mrefu mno, akasahau katikati, akaanza upya, akasahau tena. Alipofika mwisho akamtaja Rama kwa sauti kubwa, na Mohite, asiyeamini kwamba majina ni mamoja, akauma kalamu yake akingoja la Gajarabai. Wa pili akaomba maji. Wa tatu akaona haya, ikabidi asukumwe. Askari walikuwa wameanza kupiga makofi, na yule wa baiskeli alikwisha kaa chini na kashata ya tatu. Gajarabai alikuwa mdogo kuliko wote, zamu yake ya mwisho. Alihesabu wanawake waliobaki. Saba. Wanne. Wawili. Kengele haijalia.

"Mama," akasema Mohite kwa utamu wa kulazimishwa, "ni wewe."

Akasimama. Akaweka sawa ncha ya sari kichwani. Akasema polepole, neno kwa neno:

"Maji ya Krishna yashuka, hayarudi kilimani,
Manjano nimeyapaka, na kipaji cha usoni,
Bwana ninayemtaka..."

Hapo kengele ikalia. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu.

Wanawake wote waliinamisha vichwa ili Mohite asiwaone nyuso. Gajarabai aliniambia furaha ilimjia kwa nguvu hata akataka kulitamka jina lile kwa kelele, liende likafuate kengele. Lakini alijua kuna vizuizi vingine mbele, na cheti kile kile kitasomwa tena kesho na kesho kutwa.

"Ehe?" Mohite akainua kalamu. "Bwana unayemtaka?"

"Nusu iliyobaki nitaisema mabwana zako wakishaondoka nchini. Siku hiyo njoo na kalamu."

Mohite alisimama, akafungua mdomo, akakumbuka kashata. "Twende, mama," akasema. "Tafadhali." Bibi Tanu alicheka mpaka ikabidi akalishwe kitako.

Gajarabai alipewa miezi sita kwa ajili ya karatasi za ghalani na jina alilowanyima. Kwenye daftari la jela ya Pune, mbele ya maneno "mke wa", waliacha mstari mtupu. Alirudi amenenepa, jambo alilolikana, na amejua kusoma, jambo alilolitangaza kijiji kizima.

Lakini nadhiri ilibaki nadhiri. Miaka minne, kila harusi, kila sherehe ya manjano, zamu yake ikifika alisema ile mistari miwili na nusu na kuketi. Walimtania bila huruma. "Amemsahau jina!" "Labda ana jina baya!" Hata yeye aliporudi kutoka mafichoni mwaka 1946, amekonda na ana ndevu, akamwomba kwa unyonge, "Sema basi, nipo." Akamjibu, "Wameondoka? Hawajaondoka. Kula." Gajarabai alilia jikoni baada ya hapo, hilo nililipata kwa bibi Tanu, kwa sababu mwenyewe hawezi kulikiri.

Tarehe kumi na tano Agosti, mwaka 1947, mvua ilikuwa inanyesha kama ilivyo ada ya Agosti, na uwanja wa shule ulikuwa tope tupu. Bendera ilipandishwa ikiwa imelowa. Yeye alipewa kazi ya kugawa pipi za maziwa kwenye sinia. Na aliyeletwa kulinda amani alikuwa nani? Inspekta Mohite, masharubu yale yale, beji mpya kwenye kofia. Mimi ningemtupia tope. Gajarabai alimtazama, akawaita wanawake, akatoa kibweta cha manjano alichokibeba kifuani toka nyumbani.

"Afande! Una kalamu?"

Mohite akamtambua. Watu wakasogea, mvua ikiwanyeshea. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kalamu na daftari, akalikinga kwa kofia yake.

Gajarabai akasimama chini ya bendera:

"Maji ya Krishna yashuka, hayarudi kilimani,
Manjano nimeyapaka, na kipaji cha usoni,
Bwana ninayemtaka, ni Sopan, yuko nyumbani."

Sinia lilianguka. Pipi zote za kijiji zikaenda topeni, na baba mkwe wangu, aliyevuka vizuizi kumi na moja bila kutikisika, alisimama mikono mitupu analia mbele ya watu, kwa sababu tangu amwoe alikuwa hajalisikia jina lake kwa sauti ile.

Mohite alikuwa ameandika. Kalamu ikabaki juu ya karatasi. "Sopan Shelar," akasoma. Kisha akauliza taratibu, "Na kosa lake, mama? Niandike kosa gani?"

"Andika hana."

Akaandika.