Jibu la mzee mwenye Feroza

Kuna mtu anajua kama gari za Feroza bado zinauzwa? Mimi nimejibiwa leo, na jibu limeninyima raha.

Asubuhi niliuliza kwa muuzaji wa magari hapa Nyeri. Ati haziletwi tena. Ya mwisho ilichukuliwa na mzee mmoja wa Mukurweini.

Basi, nikaenda zangu Karatina kununua viazi.

Na nikaiona! Ya kijani, imeegeshwa kando ya soko, haina hata mkwaruzo. Mwenyewe, mzee wa kofia na koti, alikuwa anapanguza boneti polepole.

Nikamsalimia. "Mzee, wanasema hizi haziuzwi tena."

"Dukani hakuna," akasema. "Lakini hii yangu itauzwa. Kuja nyumbani wiki ijayo, uongee na vijana wangu."

"Si gari ni yako? Tuongee sisi wawili, hapa hapa."

Akacheka kidogo. "Utaongea na wao."

Akanielekeza vizuri kabisa: ukipita kiwanda cha kahawa, geti ya bluu. Ati siwezi kupotea, kutakuwa na watu wengi.

Hapo ndipo nikaona kioo cha pembeni. Kimefungwa kitambaa chekundu, vile tunafunga magari ya kwenda mazishi. Kipya kabisa.

Nikavua kofia. "Pole sana, mzee. Ni nani ameaga?"

Akaingia, akafunga mlango, akawasha gari.

"Bado," akasema.

Nimerudi Nyeri moja kwa moja. Hata viazi nilisahau. Niko hapa saiba, kwa kompyuta ya kulipia, nishaurini haraka.

Maana ile gari bado naitaka.