Mkono wa Pili Nyuma ya Lori

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka ambayo sijawahi kukusimulia. Ningekungoja utoke shule nikuambie kwa mdomo, lakini nimekasirika, na nikikuona nitakuchapa kabla sijaongea. Mama Wambui alikuona jana kwenye mlima wa Dundori umeshika lori la viazi kwa mkono mmoja, mwingine uko kwa usukani wa baiskeli, unacheka. Kaa chini usome.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe miezi saba. Baba yako alikuwa Eldoret, amezima simu wiki tatu. Nilikuachia cucu, nyanya yako, nikachukua baiskeli ya mjomba, nikaondoka Dundori alfajiri. Nauli nilikuwa nayo, usinihurumie. Nilitaka tu afungue mlango aone nimefika kwa miguu yangu mwenyewe, nimzabe kofi, nigeuze. Hivyo ndivyo hasira inavyopanga safari.

Hadi njia ya kuingia Rongai nilikuwa namtukana kwa sauti na miguu inaenda yenyewe. Baada ya hapo barabara inapanda tu, na matusi yakaniisha. Mapaja yakawa mawe. Maziwa yakajaa kifuani yakaloweka blauzi, na kila tuta nililopita niliumia kama nimepigwa. Nikalia, si kwa huzuni, ni uchovu. Ningegeukia hapo. Sikugeuka.

Karibu na Timboroa ukungu ukashuka mchana. Msitu ukapotea pande zote mbili, na sauti nazo zikapotea. Nilichosikia ni mnyororo wa baiskeli nyingine nyuma yangu, tik, tik, tik. Nikisimama, unasimama. Nikiita, kimya.

Ndipo likaja lori la mbao, mlima umelilemea, linatambaa. Nikashika chuma cha mlango wa nyuma, likanivuta. Raha ile naijua, ndiyo maana nakuogopea. Nikafumba macho kidogo. Kuyafungua, kuna mkono mwingine kwenye chuma kile. Mzee, koti la mvua la kizamani, baiskeli nyeusi. Hakanyagi. Ukungu ulikuwa umelowesha kila kitu isipokuwa yeye.

"Umeacha nani nyumbani?" akauliza, hata salamu hakuna.

"Mtoto."

"Ananyonya?"

"Ndio, mzee."

"Basi achilia."

"Nikiachilia sitafika."

Akanitazama vile unatazama mtoto mjinga. "Hata mimi nilisema hivyo."

Hapo nikasikia magurudumu ya lori yakiponda majani. Unajua gari likikwama, dereva hukata matawi akayatandaza barabarani ili wanaokuja wajue. Dereva wetu hakuyaona kwa ule ukungu. Nikaachilia, nikaanguka mtaroni. Lori likagonga trela iliyokwama mbele, mlango wa nyuma ukafunguka, mbao zikamwagika pale pale nilipokuwa nimeshika.

Dereva akashuka akichechemea. Hakuniuliza kama nimeumia. Alisema, "Siste, mwenzako yuko wapi? Mlikuwa wawili kwa kioo."

Tukaondoa mbao moja moja. Chini yake hakukuwa na mtu. Kwenye matope ya kando kulikuwa na alama za baiskeli moja, yangu.

Eldoret sikufika. Nilikukuta umelia hadi sauti imekauka, na cucu wako hakunisemesha siku mbili.

Sasa, nilimuuliza Mama Wambui kama jana ulikuwa peke yako. Akasema, "Aa, walikuwa wawili. Yeye na mzee fulani wa koti la mvua, na vile jua lilikuwa linawaka." Alicheka. Mimi sijalala.

Kwa hivyo sikiza. Usiende mbali kwa sababu umekasirikia mtu. Hasira itakutoa nyumbani, haitakurudisha. Mwili ukisema basi, ni basi. Mlima ukikushinda, shuka usukume, wacha wakucheke. Usishike kitu ambacho hakijui umekishika. Na yule mzee akikuuliza umeacha nani nyumbani, mwambie mama. Usibishane naye kama mimi. Achilia.

Mungu akupe miguu ya kupanda na akili ya kushuka. Akutangulie kwenye ukungu, na akurudishe kwangu mzima kila jioni, hata ukinikuta nimenuna. Chai iko kwa thamosi.