Ndoo ya Fundi wa Kabini

Kila asubuhi ya kiangazi, fundi wa kabini ya umeme, kijumba cha transfoma hapa mtaani Jabe, anamwagia maji udongo pale waya wa chini unapozama na chuma chake. Anamwaga polepole, kama anaogesha mtoto. Kisha anasimama peke yake, anasikiliza transfoma waliyoiacha Wabelgiji inavyonguruma. Sijawahi kuona mgeni mlangoni kwake.

Jirani yangu Mwantum haachi kumtania. «Fundi, chuma chako kitaota majani lini?»

«Apana kucheka, mama. Waya ukianguka, umeme unapita mu udongo kurudi kabini. Udongo ukikauka, haupiti wa kutosha, fyuzi haikatiki. Waya unabaki muzima, unaua.»

Tulizidi kucheka. Juzi upepo ukakata waya mmoja kati ya mitatu inayopita juu ya nyumba zetu, ukaanguka hatua mbili tu kutoka kwa mwanangu. Transfoma ikaguna kwa uzito, fyuzi ikapasuka paa! kukawa kimya. Fundi akaja mbio, akaupima waya: umekufa. Ndipo akamwinua mtoto, akamkumbatia. Nilipomnyooshea mikono nimpokee, fundi akageuza uso.

«Mwache kidogo, mama. Mi nisikie uzito wake.»

Nikashusha mikono, nikangoja.