Ukurasa wa Diski Ambao Sote Tulijua Si Kweli

Leo nimemwambia Mzee Salum, mbele ya wakufunzi wote, kwamba kitabu chake kinapotosha watu.

Ndiyo, Mzee Salum mwenyewe, aliyetufundisha karibu sote hapa Tabora.

Kitabu ni cha mafunzo ya kompyuta pepe, zile nyingi zinazoendeshwa ndani ya seva moja. Kinasema ukizipa diski zinazokua kadiri zinavyotumika, nafasi haitakwisha kamwe.

Itakwisha! Umeziahidi nafasi ambayo seva haina. Siku diski zikijaa pamoja, kompyuta zote zinasimama. Na kesho watu wa zahanati kule Usinge wanakuja kukichukua kitabu hicho, wakakifuate kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye seva yao.

Nikasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Una lako leo, nakuona."

"Ukurasa wa diski si kweli. Ubadilishwe kabla ya kesho."

Mtu akakohoa.

Mzee akavua miwani. "Nani mwingine alijua?"

Mikono yote ikapanda. Yote! Kumbe kila mmoja alikuwa akiurekebisha kwa mdomo darasani kwake, kitabu hakigusi.

"Yaani mnaniamkia kila asubuhi," akasema Mzee, "halafu mnaniacha niwaangushe wagonjwa?"

Akauchana ukurasa, akanipa kalamu. "Andika mpya. Na hawa wakukosoe hapa hapa, kwa sauti."

Tumebishana hadi adhuhuri, na ukurasa umetoka safi.

Mimi naiita hiyo heshima. Anayepinga aje. Na mniambie: kazini kwenu, ni ukurasa wa nani hamthubutu kuugusa?