Zena ya Kasulu na Harufu ya Mayai Viza

Kuna aibu ambazo mtu akishazisimulia mara mbili tatu anaanza kuzicheka mwenyewe, lakini hii yangu bado, kila nikiianza shingo inapata moto, kwa hiyo mnivumilie nikiisema kwa hasira, maana nusu ya hasira yenyewe najikasirikia mimi, na nusu nyingine nitawaambia ni ya nani.

Mwaka 2013 nilikuwa fundi wa karakana kwenye chuo kimoja cha ufundi Kasulu, mimi mtu wa Muheza niliyehamishiwa kwenye baridi ile bila hata sweta. Karakana ilikuwa na mita ya mezani ya kupimia volti, zee la kizamani lenye namba nyekundu, waliliacha wamisionari. Ndani ya mita kama ile kuna kijidude kama punje ya mpunga kinaitwa zena, kazi yake ni kushikilia volti moja isiyoyumba, na kila unachopima mita inakilinganisha na hiyo. Zena ikichakaa, mita inadanganya, tena kwa uso mkavu kabisa. Yetu ilikuwa imechakaa, namba zinacheza, na zena mpya ilikuwa njiani kutoka Dar.

Mkuu wa karakana, Mwalimu Sanga, hakutaka kusubiri. Tulikuwa tunafunga umeme wa jua kwenye zahanati ya kijiji kimoja huko Busunzu, na yeye alishamwahidi mgeni rasmi siku ya kuja kuuzindua.

"Kasulu hii imekosa zena?" akaniuliza.

Nikaenda dukani kwa muuza spea (huyu ndiye mwenye nusu ya hasira yangu), nikamwonyesha ile ya zamani, akachakura kwenye kopo, akanipa moja iliyofutikafutika maandishi. "Ni hiyo hiyo, fundi," akasema, hata hakuiangalia. Na mimi nikaichukua. Nikaichomelea, namba zikatulia tuli, nikafurahi kama mjinga. Nikapima betri mpya ya tochi, ikasoma pungufu, na badala ya kujiuliza nikasema betri za siku hizi feki. Betri ndiyo feki, siyo zena ya kwenye kopo, jamani.

Siku ya sherehe tukaenda na mita yenyewe, kwa sababu Mwalimu Sanga alitaka mgeni azione namba. Tukaiweka mezani juu ya kitambaa, tukaiunganisha kwenye jenereta la spika. Betri kubwa za sola zilikuwa ukutani, nyuma ya viti vya wakubwa. Asubuhi ile nikageuza skrubu ya kidhibiti chaji mpaka mita ikasoma volti kumi na nne nukta nne, ndipo panapotakiwa. Muuguzi wa zahanati, Sista Editha, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi, alinisalimia kwa Kiha, mwakeye, akasimama kunitazama. Alikuwa anazalisha kwa tochi ya simu, anaishika kwa meno. "Itawaka kweli?" akauliza. Nikamwonyesha namba.

Jua lilipopanda, mgeni akiwa katikati ya hotuba, ikaja harufu ya mayai viza. Akina mama wakaziba pua kwa khanga, wazee wakaanza kutazamana kwa jicho la chini, mwenyekiti wa kijiji akasogeza kiti mbali na diwani. Mgeni akavumilia, akashindwa, akasema kwenye kipaza sauti, "Kama kuna mwenzetu tumbo linamsumbua, atoke tu, hatutamcheka." Watu wakacheka hapo hapo.

Mimi nilishasikia betri zinatokota, nikajua harufu inatoka huko. Mtu mwenye akili angekata waya. Mimi nikaangalia mita, ikasema kumi na nne nukta nne, na Mwalimu Sanga akaninong'oneza, "Sema kitu, wanatuangalia." Basi nikachukua kipaza sauti, nikawatangazia watu wote wa Busunzu kwamba wasiwe na wasiwasi, mita inaonyesha kila kitu kiko sawa.

Sikumaliza. Kifuniko cha betri kikaruka, povu la asidi likamwagika likateremka mgongoni mwa mgeni rasmi, koti la kijivu likageuka rangi tukiliangalia. Akavuliwa koti, akamwagiwa ndoo ya maji mbele ya watu, akabaki na fulana. Nikakata waya, nimechelewa. Mwalimu Sanga akasema kwa sauti, ili wasikie, "Nilikwambia usubiri ile ya Dar." Sijawahi kutaka kumpiga mkubwa wangu kama siku ile.

Zena ya Dar ilipofika nikaifunga, nikapima ile ya dukani: haikuwa yake kabisa, ilikuwa ya volti kubwa zaidi, ndiyo maana mita ilisoma chini na mimi nikapandisha chaji mpaka betri zikachemka. Nikaenda nayo dukani. Yule muuza spea akaigeuza kidoleni, akasema, "Sasa wewe fundi, mimi muuza. Nani kati yetu alitakiwa apime?" Nikatoka. Ningempigia nini?

Betri zilikuwa zimekufa, na hakuna aliyeleta nyingine. Mvua zilipokwisha nikabeba betri ya nyumbani kwangu, nikaipeleka Busunzu kwa pikipiki, nikaweka chaji taratibu, nikashinda pale kutwa nzima nimeikalia. Nilijiandaa kutukanwa, nilitaka nitukanwe. Sista Editha akamaliza wagonjwa wake, akaja, akawasha taa ya chumba cha kujifungulia, akazima, akawasha tena.

"Mimi sikuomba mgeni, fundi," akasema. "Niliomba taa."

Akarudi kazini. Nimeapa: mkubwa aahidi siku anayotaka, mimi kitu nisichokipima sikifungi, na kipaza sauti sishiki tena.