Sakafu ya Mama Kifusi

Bonde letu lilikuwa jembamba. Mto, reli na barabara vilibanana humo, na kila palipokuwa tambarare mgodi wa makaa ulishapachukua. Nyumba za wachimbaji zilifuatana safu moja kando ya maji. Mchimbaji akifa, mjane wake alitakiwa ahame, ampishe mchimbaji mwingine. Lakini huko juu ulikuwepo mlima mtupu, mkali, usio na pa kuweka hata kitanda.

Shangazi yangu alipofiwa na mumewe, aliamua kutengeneza ardhi yake mwenyewe. Alijenga ukuta wa mawe mtelemkoni, kisha akabeba kwa karai kifusi cheusi kilichotupwa na mgodi, akakimwaga nyuma ya ukuta na kukishindilia kwa miguu. Watu wakambandika jina: Mama Kifusi.

"Shemeji, unajenga nyumba au unahamisha mlima?" mdogo wa marehemu, fundi seremala wa mgodini, alimtania.

"Nyie mnautoboa, mimi naupanua. Shika karai, acha mdomo."

Alihamia wakati wa baridi kali. Sakafu yake ilikuwa na uvuguvugu mtamu. Majirani walikuja kukaa chini na watoto wao, wakamwonea gere. Yeye alisema marehemu hajaacha kumtunza.

Siku moja mlango ukagoma kufungwa. Seremala alikuja kuurekebisha, akanusa, akachimba pembeni kwa mtaimbo. Moshi ukatoka. Kile kifusi kilichanganyika na makaa, na kwa kurundikwa kilikuwa kimejiwasha chenyewe. Walimwaga ndoo za maji; ukarudi mvuke.

"Kunaungua chini kwa chini, shemeji. Njoo ukae kwangu."

"Kwako? Nyumba ya mgodi? Na wewe ukifa, tutoke wote?"

Alicheka peke yake. Seremala aliinama, akaanza kukusanya misumari yake.

Mvua zilipoanza, ule ukuta wa mawe ulimeguka, ukaporomoka na sebule nzima. Hakuumia mtu. Kikabaki chumba kimoja, nacho nusu yake, upande ulioegemea mlima wenyewe. Seremala alifunga mbao mahali palipokuwa na sebule, shemeji yake asije akatoka usingizini akatumbukia.

Nilipokwenda kumpa shangazi pole nilimkuta nyuma ya kitanda, anachonga mwamba kwa patasi, vumbi limetapakaa kwenye shuka. Hakugeuka.

"Kaa hapo kitandani, mwanangu," alisema. "Natafuta pa kuweka meza."